Aliyefunga Msitu wa Mama Zetu

"Mchumba wako," Hidaya alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye kunde alizokuwa akichuma, "ndiye mtu pekee Uluguru nzima anayewafanyia kazi Wadachi bila kufungwa kamba."

Mosi alicheka. "Anafanya kwa hiari yake."

"Ndiyo hicho ninachokisema. Mume wangu walikuja askari kumkokota kwenda kufyeka. Wako anawahi kuliko jogoo, na wala halipwi. Mwenzangu, ukiolewa na huyo atakupandia miti uvunguni mwa kitanda."

"Akiipanda nitaimwagilia."

"Haya. Umekwisha, wewe."

Walikuwa kwenye shamba la Bibi Mwaisha, bibi yake Mosi, mahali mteremko wa Lugoni unapoanza kuwa mkali na ukungu kushuka kabla ya adhuhuri. Juu yao ulikuwa msitu mzito. Chini kabisa, jua likitoka, mtu aliona mabati mapya ya Morogoro na moshi wa garimoshi, ambalo watoto wa mlimani walikuwa wameshalizoea na hawakulikimbilia tena.

Kila mtu Lugoni alimjua Severini, kijana wa misheni aliyejitolea kumsaidia yule Mdachi waliyemwita Bwana Miti. Aliotesha miche kwenye kitalu na kuipanda kwenye miteremko iliyobaki uchi. Alifyeka njia za kuzuia moto. Alizunguka msituni akifungua mitego ya kamba iliyowanasa mbega, na siku moja alirudi na mkono unaotoka damu kwa kung'atwa na mbega aliyekuwa akimwokoa. Watu walimcheka mwezi mzima. Mosi hakucheka. Alimfunga kidonda kwa kitambaa cha leso yake, na tangu siku ile hakuna aliyehitaji kumweleza kilichompata.

Ndoa yao haikuwa imepata njia nyepesi. Mosi Muislamu, Severini Mkristo. Mjomba Hatibu, kaka wa marehemu mama yake, ambaye kwa desturi ya Waluguru ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, alikataa kwanza, akanuna, akakaa vikao, mwishowe akasema, "Basi. Suala la dini tumelimeza. Lilikuwa chungu, lakini limeshuka." Padre naye alinung'unika kisha akanyamaza. Kilichobaki kilikuwa jambo moja tu, jambo la mvua za kwanza, na mawingu yalikuwa tayari yanakusanyika juu ya kilele cha Bondwa.

Severini alitokea juu ya shamba, akishuka mbiombio kati ya migomba. Suruali yake ilikuwa imejaa tope hadi magotini, na uso ulikuwa unang'aa kama wa mtoto aliyefichua siri ya sikukuu.

"Nimeitwa nyumbani," Hidaya alisema.

"Nani kakuita?" Mosi aliuliza.

"Macho yenu." Akajitwika kapu lake, akampita Severini njiani. "Shemeji, usimpande huyo. Mti huu umeshaota."

Severini alitabasamu kwa aibu, akangoja mpaka Hidaya amefika mbali. Alisimama mbele ya Mosi bila kumshika, kwa kuwa shamba lilionekana kutoka kila upande, lakini alimtazama kiasi kwamba Mosi alilazimika kuinamisha macho kwenye kunde.

"Nimekuletea kitu," alisema.

"Mbona mikono mitupu?"

"Si kitu cha kushika." Alivuta pumzi. "Unajua wapasua mbao wamepewa bonde lote la juu. Jana niliifikia mikangazi yenu, ile miti mikubwa yenye makaburi chini yake. Mosi, ilikuwa imekwisha kutiwa alama za shoka. Kila shina. Sikulala. Asubuhi nikamfuata Bwana Miti, nikamwambia hapa wamelala wazee wa watu, nikamwomba asogeze mkuza, ile njia ya mpaka wa msitu, uje chini. Nikatembea naye, nikamshikia kamba ya kupimia, nikamwonyesha chemchemi, nikamwonyesha viota. Akakubali. Leo tumepanga mawe ya mpaka. Mikangazi yenu imo ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya msitu uliofungwa. Hakuna shoka litakaloingia mle tena. Hata wajukuu zetu wataikuta imesimama."

Mosi aliweka kapu chini taratibu. "Umefungwa kwa nani?"

"Kwa watu wote. Ndiyo maana utakuwa salama."

"Na kwa Bibi?"

Furaha haikuondoka usoni mwa Severini mara moja. Ilibaki pale kama mgeni ambaye hajui kuwa wenyeji wanagombana.

"Bibi anakwenda kule kufanya nini?" aliuliza. "Yale si makaburi ya zamani? Sisi misheni tulifundishwa kuwa kuwaheshimu waliolala ni kuwaacha walale."

"Kwetu kaburi lisilofagiwa ni la mtu asiyeacha mtoto."

"Sikujua."

"Kuna jambo jingine hulijui." Mosi alielekeza kidole msituni. "Msichana wa ukoo wetu haolewi mpaka aonyeshwe. Mvua za kwanza zikigonga, bibi yake anamshika mkono, anamwingiza kwenye mikangazi ile, anamwaga togwa, anamtaja kwa mama zetu waliolala pale, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule aliyekuja na jembe mara ya kwanza. Mjomba anangoja nje na jembe jipya. Msichana akitoka anapewa jembe, na anaonyeshwa shamba lake. Kwetu ardhi haitoki kwa baba, Severini. Inatoka mle. Asiyeonyeshwa hana shamba, na watoto wake hawana ukoo wa kujiita."

Severini alikuwa amekaa chini, juu ya tuta, bila kujua kuwa amekaa.

"Ndilo jambo la mvua za kwanza," alisema.

"Ndilo."

"Mbona hukuniambia?"

"Wanaume wa nje hawaambiwi hayo mpaka wawe wameoa." Mosi alifuta jicho kwa kiganja chenye udongo. "Nilikuwa nakuhesabia siku nikuambie yote."

Kisha Severini alinyanyuka.

"Nitakwenda kumwomba aufungue. Ananisikiliza. Sijawahi kumwomba kitu kwa ajili yangu."

Alishuka mteremko akikimbia, na Mosi alijikuta akiomba kwa moyo wake wote, akiwaomba Mungu na mama zake pamoja, bila kujua nani atasikia kwanza.

*

Kesho yake alasiri Severini alifika uani kwa Mjomba Hatibu. Mosi alikuwa akipepeta mahindi karibu na mlango, mahali alipoweza kusikia bila kuambiwa aondoke. Hakuhitaji kusikia. Aliona jinsi alivyotembea.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kaa." Hatibu alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya pole, na pole yake ndiyo watu waliyoiogopa. "Bado sijawa mjomba wako, lakini kaa."

"Shikamoo, Bibi."

Bibi Mwaisha alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na nuru kidogo tu, ya kutofautisha mlango na ukuta. Aligeuza uso kwenye sauti na kutabasamu. "Marahaba, mume wangu. Umechelewa. Huyo mke mwenzangu amenipa uji hata chumvi hakutia."

Severini alijaribu kucheka, kwa kuwa utani wa bibi haukataliwi. Kicheko hakikutoka.

"Sema," Hatibu alisema.

"Nimemwomba, Mjomba. Nimeomba jana na nimeomba leo. Anasema ramani imekwisha kwenda Dar es Salaam, na mstari ukifika kule haurudi. Atakayevuka mawe atachapwa viboko na kupelekwa Boma."

"Na mashamba?"

"Mashamba gani?"

"Ulipokuwa ukimshikia kamba," Hatibu alisema, "kamba ilipita wapi? Mimi nimetembea leo kwenye mkuza wenu. Umepita katikati ya shamba la mama yangu. Nusu ya kunde zimo msituni. Nyani watafurahi."

Severini aliinamisha kichwa. "Nilitazama juu, kwenye miti. Sikutazama chini."

"Alikushukuru, huyo bwana?"

Mosi aliacha kupepeta.

"Ndiyo," Severini alisema, karibu asisikike. "Amenifanya mlinzi wa upande huu."

Hatibu alicheka, kicheko kifupi kisicho na ubaya, cha mtu aliyechoka. "Umepata cheo kwa makaburi yetu. Wengine hupata kwa vita."

"Sikukitaka. Lakini nimekikubali, Mjomba, na naomba unisikilize kwa nini." Severini alisogea mbele hadi magoti yake yakagusa mkeka. "Mlinzi ni mimi. Hakuna mwingine upande huu. Mvua ya kwanza ikigonga, mimi nitakuwa ng'ambo ya bonde, sitaona mtu. Ingieni. Mwonyesheni Mosi. Mkimaliza mtoke, na mwaka ujao hivyo hivyo, na mwaka mwingine. Wakinigundua viboko nitachapwa mimi. Nitachapwa kwa furaha."

Ungo ulimtoka Mosi mikononi, mahindi yakamwagika, hakuna aliyemkaripia. Alimtazama mjomba wake na kuona, kwa mara ya kwanza tangu jana, kuwa uso ule mkavu unafikiri. Hatibu alikuwa na huruma. Alimpenda kijana huyu zaidi ya alivyokubali. Alimgeukia mama yake.

"Mama, unasemaje?"

Bibi Mwaisha alikuwa akipapasa ukingo wa mkeka kwa vidole.

"Kijana," alisema, na Mosi alishtuka, maana hakusema mume wangu. "Tukiingia, tutapiga vigelegele?"

Severini alitazama juu mlimani. "Hapana, Bibi. Kambi ya wapasua mbao iko karibu. Watasikia."

"Na ngoma ya kumpokea akitoka?"

"Hapana."

"Nitawataja mama zangu kwa sauti?"

"Labda... kwa kunong'ona."

"Na yeye nitamtaja kwa kunong'ona." Bibi alitikisa kichwa pole pole, kama anayekubaliana na mtu aliye mbali. "Mimi niliingizwa mle kwa vigelegele vilivyosikika hadi Kingolwira, kule bondeni. Mama yake huyu niliingia naye hivyo hivyo. Leo nimpeleke mjukuu wangu kwa mama zake kimya kimya, kama tunaokwenda kuiba kuku? Watauliza, Mwaisha, huyu mtoto ana aibu gani hata mnamficha?"

"Bibi, wataelewa," Severini alisema. "Waliolala wanaelewa."

"Wewe unawajua?"

Severini alirudi nyuma, magoti yakaachana na mkeka.

"Una moyo mzuri," Bibi Mwaisha alisema. "Naujua kwa sauti yako. Lakini sijawahi kuingia mle kwa kufunguliwa na mtu. Nikingoja unifungulie hata mara moja, nitakuwa nimekubali kuwa ni kwako. Na nikikubali hivyo, nitampa nini mjukuu wangu? Nitamgawia kitu chenye mwenyewe?"

Hatibu alifumba macho. Alipoyafumbua, ile huruma ilikuwa imerudi ndani na mlango umefungwa nyuma yake.

"Mama amesema," alisema. "Ng'ambo ya mlima wapo wajukuu wa dada yake. Chimbuko letu ni moja, na mikangazi yao bado iko wazi. Tutahamia kwao. Mosi ataonyeshwa kwa mama wa kule, apewe jembe kule, na aolewe kule. Aliyefunga ya kwetu hawatampokea, lakini yupo kijana wao, Rehani, na walikwisha kumuulizia Mosi."

"Mjomba," Mosi alisema kutoka mlangoni.

"Nakusikia, mwanangu. Nakusikia tangu jana. Sikufungi. Ukitaka kumfuata, mfuate, sitakulaani. Lakini dada yangu alikuzaa wewe tu. Bibi yako hana binti mwingine, hana mjukuu mwingine wa kike. Ukitoka bila kuonyeshwa, nyumba hii imezimika kwako. Hilo nalo si langu kukufichia."

*

Jioni ile Mosi na Severini walikutana mwisho wa shamba, mahali marundo ya mawe mapya yalipopita kati ya kunde. Upande mmoja majani yalikuwa yamepaliliwa. Upande wa pili yalikuwa yale yale, lakini tayari yalionekana ya mtu mwingine. Mvua ilikuwa inanukia.

"Twende Morogoro," Severini alisema. "Leo. Nitaomba kazi kwenye garimoshi. Tutapata chumba, watu wanajenga kila siku kule chini. Nitaacha miti, Mosi. Naapa nitaiacha."

"Usiape hilo. Ukiacha miti sitakujua."

"Basi nitapanda miembe ya watu barabarani. Nitafanya lolote. Wako wengi wanaoishi mjini bila shamba la mama."

Alimsikiliza. Alijiruhusu kuona chumba hicho, jiko lake, shati la Severini likianikwa dirishani, jioni akirudi na vumbi. Aliyaona yote kwa uwazi uliomuuma kifuani. Angeweza kwenda. Miguu yake ilikuwa tayari.

"Tukizaa mtoto," alisema, "akiniuliza, mama, kwetu wapi, nitamwambia nini?"

"Utamwambia kwao ni kwangu."

"Na wewe kwenu wapi?"

Aliuliza bila kutaka kumuumiza, lakini aliona neno likiingia. Severini alikuwa amemsimulia kwenye siku zao za kwanza: kijito cha kwao kilivyokauka baada ya mlima kufyekwa wote, mvua kubwa iliyokuja baadaye na kuyateremsha mashamba ya mama yake pamoja na nyumba, mama yake aliyekufa njaa mwaka uliofuata, na mapadre waliomwokota. Ndiyo sababu alipanda miti bila malipo. Hakuwa na kwao. Alikuwa akiwalindia wengine kwao.

"Sina," alisema.

"Ungepata kwetu," Mosi alisema. "Mwanaume kwetu huja kukaa kwa mke. Nilikuwa nimeshachagua mahali pa nyumba, pale kwenye jiwe pana. Nilitaka asubuhi ukiamka uone msitu bila kutoka nje. Nilikuwa nakupa kwetu, Severini. Ndicho kitu nilichokuwa nacho."

Severini alilia basi, bila sauti, mikono imening'inia. Mosi alimkaribia hadi kwenye mawe na kuishika mikono ile, hadharani, Lugoni nzima itazame ikitaka. Alama ya meno ya mbega ilikuwa bado kwenye kiganja.

"Nichukie," Severini alisema. "Itakuwa rahisi."

"Nimejaribu tangu jana. Ungekuwa mtu mbaya ningepona mapema." Alivikandamiza vidole vyake. "Ulitupenda. Ulitupenda bila kutuuliza."

"Nitayafagia mimi yale makaburi. Kila wiki. Nitamwaga togwa. Nitawataja, niambie majina yao."

Mosi alitikisa kichwa. "Usiyafagie. Wewe si mtoto wao. Ukiyafagia watadhani tumekuachia."

"Basi nifanye nini?"

Lilikuwa swali la kweli, na alilingoja jibu kama mtoto. Mosi alitafuta kila mahali ndani yake kitu cha kumwachia. Hakukiona. Aliiachia mikono yake, akainama, akachuma kunde chache zilizokuwa upande wake wa mawe, akaondoka nazo ili awe ameshika kitu.

*

Waliondoka asubuhi ya siku ambayo mvua iligonga kwa mara ya kwanza. Haikupangwa hivyo. Hatibu alikuwa mbele na mizigo, Mosi nyuma na bibi yake, ambaye alimshika bega kwa mkono mmoja na mkongojo kwa mwingine.

Zamani njia ya kwenda ng'ambo ilipanda moja kwa moja, ikapita kwenye mikangazi, ikavuka mgongo wa mlima na kushuka upande wa pili, safari ya mtu kula kwake na kulala kwa ndugu. Severini alikuwa amesimama pale njia ile inapokutana na mawe. Alikuwa ameloa tangu kichwani. Kwenye mkono wake alikuwa amefungwa kitambaa cha mlinzi.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba," Hatibu alijibu.

"Piteni huku. Ni karibu. Bibi hataweza ile ndefu kwa mvua hii. Nawaomba. Sitawafungulia. Nitaondoka tu, msinione."

Bibi Mwaisha aliinua uso, mvua ikamtiririka kwenye makunyanzi, akanusa hewa iliyoshuka kutoka msituni, yenye udongo mbichi na majani ya mikangazi. Alisimama hivyo mpaka Mosi akadhani amebadili moyo.

"Njia yetu siku hizi ni ipi, Hatibu?" aliuliza.

"Ya chini, Mama. Tuzunguke Kingolwira, tufike Mikese, ndipo tupande tena."

"Basi tushuke. Kaa salama, kijana. Vaa kitu, utaugua."

Walishuka. Mosi hakugeuka, kwa kuwa alijua akigeuka angeona uso ule na miguu yake ingemsaliti. Alisikia maji yakijaa kwenye mitaro, ndege wakirejea kuimba, na mahali fulani juu mbega wakiitana bila hofu. Hakuna shoka lililolia. Severini alikuwa amesema kweli, msitu ulikuwa salama. Haukuwa na mtu wao hata mmoja.

Walipofika bondeni, mkono wa bibi ulipanda kutoka begani na kupapasa shavu lake.

"Ni mvua hiyo, au unalia?"

"Ni mvua, Bibi."

"Lia tu, mjukuu wangu," Bibi Mwaisha alisema, akimsukuma taratibu waendelee. "Njia hii ni ndefu. Itakutosha."